SOMO LA 14: MSHALE WA NYUMA NA MSHALE WA MBELE

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba kompyuta na simu nyingi duniani zimeunganishwa pamoja, na kwamba muungano huo huitwa intaneti. Tulijifunza pia kuwa kurasa tunazozisoma kwa njia hiyo huwekwa katika kompyuta maalumu ziitwazo seva. Kila ukurasa una anwani yake, kama vile nyumba ilivyo na namba yake na mtaa wake. Programu inayokwenda kuuchukua ukurasa na kutuonyesha huitwa kivinjari.

Leo tutachunguza jambo ambalo watu hulitumia kila siku bila kulifikiria. Juu ya kivinjari cha kompyuta, upande wa kushoto, pana mishale miwili. Mmoja umeelekea kushoto na mwingine umeelekea kulia. Mshale wa kushoto huturudisha kwenye ukurasa tuliotoka. Mshale wa kulia hutupeleka tena kule tulikokuwa kabla ya kurudi. Katika simu nyingi mshale wa kulia umefichwa ndani ya orodha, na kurudi nyuma hufanywa kwa kugusa alama iliyo chini ya kioo au kwa kuburuta kidole kutoka ukingoni. Kazi ni ile ile.

Kivinjari kinajuaje mahali tulikotoka? Na kwa nini siku nyingine mshale wa nyuma hututupa mbali kabisa na pale tulipotaka kurudi? Ili tupate majibu, kwanza tutatembea kwa miguu.

Safari ya Kariakoo

Wengi wenu mmepata kufika Kariakoo, na wale ambao hawajafika wamekwisha kusikia habari zake. Jina la mahali hapa linatokana na maneno ya Kiingereza, Carrier Corps. Hilo lilikuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Midomo ya wenyeji iliyageuza maneno hayo yakawa Kariakoo, na hivyo ndivyo yalivyobaki.

Tuseme umeshuka Mnazi Mmoja. Unatembea kuelekea magharibi kwa kufuata Mtaa wa Uhuru, penye maduka ya khanga na vitenge. Ukifika penye Mtaa wa Kongo unakata kona na kuingia katikati ya wachuuzi wa nguo. Ghafula unakumbuka kwamba mama alikuagiza kitu kingine. Unarudi Mtaa wa Uhuru kwa njia ile ile uliyojia. Hukuhitaji ramani, kwa sababu kichwani mwako palikuwa na kumbukumbu ya mahali ulipotoka.

Kivinjari hakina kichwa. Kina rundo la kadi. Tutalitengeneza sisi wenyewe.

Jaribio la 1

Vifaa: vipande kumi vya karatasi ngumu, kalamu na meza.

Gaweni meza katika sehemu tatu. Upande wa kushoto patakuwa mahali pa rundo la nyuma. Upande wa kulia patakuwa mahali pa rundo la mbele. Katikati patakuwa na kadi moja tu, nayo ni kadi ya mahali ulipo sasa.

Andikeni "Mnazi Mmoja" katika kadi ya kwanza, muiweke katikati. Sasa tunakwenda Mtaa wa Uhuru. Hamisheni kadi ya Mnazi Mmoja iende kushoto. Andikeni kadi mpya, "Uhuru", muiweke katikati. Kisha tunaingia Mtaa wa Kongo. Kadi ya Uhuru iende kushoto, juu ya ile ya Mnazi Mmoja, na kadi mpya ya "Kongo" ikae katikati. Rundo la kulia bado halina kitu.

Sasa bonyezeni mshale wa nyuma. Kadi ya Kongo iende kulia, na kadi iliyo juu ya rundo la kushoto irudi katikati. Ni kadi gani? Ni Uhuru. Bonyezeni tena. Uhuru inakwenda kulia, juu ya Kongo, na Mnazi Mmoja inarudi katikati. Rundo la kushoto limekwisha. Mkitaka kurudi nyuma zaidi haiwezekani. Ndiyo maana katika kompyuta mshale wa nyuma hufifia rangi pale ambapo hakuna ukurasa uliotangulia.

Bonyezeni mshale wa mbele mara moja. Mnazi Mmoja inakwenda kushoto, na Uhuru, iliyokuwa juu ya rundo la kulia, inarudi katikati. Katika rundo la kulia imebaki kadi ya Kongo peke yake.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Mko Mtaa wa Uhuru. Badala ya kurudi tena Kongo, mnaamua kuendelea mbele hadi Mtaa wa Msimbazi. Kadi ya Uhuru inakwenda kushoto, na kadi mpya ya "Msimbazi" inakaa katikati. Je, kadi ya Kongo iliyo upande wa kulia ifanyweje?

Itupwe. Mshale wa mbele una maana ya "nipeleke kule nilikokuwa kabla sijarudi". Lakini sasa mmeshika njia nyingine, na baada ya Msimbazi hamjapata kufika popote. Kwa hiyo kila tunapofungua ukurasa mpya baada ya kurudi nyuma, kivinjari hufuta rundo lote la mbele. Mtu akilalamika kwamba mshale wa mbele umekufa ghafula, sababu mara nyingi ndiyo hiyo.

Mmeona kwamba katika kila rundo kadi iliyowekwa mwisho ndiyo inayotolewa kwanza. Mama lishe naye hupanga sahani zake safi hivyo hivyo, moja juu ya nyingine, na sahani aliyoiosha mwisho ndiyo anayoichukua kumpakulia mteja wa kwanza.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba katika kivinjari kimoja tunaweza kufungua vichupo vingi, na kila kichupo kina marundo yake. Ukifungua kiungo katika kichupo kipya, rundo lake la nyuma huanza likiwa tupu. Hukupotea, ukurasa wa zamani ungali unakusubiri katika kichupo cha kwanza.

Kurasa zilizotulia

Mtindo huu wa kurasa zenye anwani ulibuniwa na Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee. Mwaka 1989 alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti kiitwacho CERN, karibu na mji wa Geneva, nchini Uswisi. Aliandika pendekezo la kuziunganisha habari za wanasayansi ili mtu aweze kutoka andiko moja kwenda jingine. Mwaka 1990 alitengeneza kivinjari cha kwanza. Mwaka 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia kazi hiyo bila malipo.

Kurasa za siku hizo zilitulia kama kurasa za kitabu. Ukitaka kuona jambo jingine, ulikwenda kwenye ukurasa mwingine wenye anwani nyingine. Kurasa za namna hiyo zingalipo. Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo lilianzishwa mwaka 1973, hutangaza matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi katika tovuti yake. Mtazamaji huchagua mkoa, kisha halmashauri, kisha shule. Mkoa una ukurasa wake, halmashauri ina ukurasa wake, na shule ina ukurasa wake. Mtu aliyekwisha kuona matokeo ya shule yake akibonyeza mshale wa nyuma, huiona tena orodha ya shule za halmashauri ile. Akibonyeza tena, huiona orodha ya halmashauri. Ni kama alivyotazamia.

Lakini kurasa zilizotulia zina gharama. Kila mara ukurasa mzima hutakiwa kuletwa, hata kama kilichobadilika ni mstari mmoja. Dar es Salaam ilipata kebo kubwa ya intaneti ya chini ya bahari, iitwayo SEACOM, mwezi wa Julai mwaka 2009. Kabla ya hapo habari nyingi zilipita kwa satelaiti, na zilikuja polepole kwa bei kubwa. Ndiyo maana watengenezaji wa kurasa, hapa kwetu na kwingineko, walitafuta njia ya kuleta kile kipande kinachohitajika tu.

Kurasa zinazobadilika

Turudi Kariakoo. Soko Kuu lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege limefanana na miavuli mikubwa iliyopangwa pamoja. Chini ya ardhi kuna sehemu ambayo watu huiita shimoni. Jengo ni moja na anwani yake ni moja. Lakini mtu aliye ndani anaweza kutoka meza hii kwenda meza ile, na kushuka shimoni na kupanda tena, na wakati wote huo akiulizwa yuko wapi hujibu, "Niko sokoni."

Ukurasa unaobadilika ni kama soko hilo. Ndani yake mna programu ndogo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Ukigusa kitu, programu hiyo huiomba seva kipande cha habari, kisha hukichora mahali pake bila kuuondoa ukurasa wote. Njia hii ilienea sana baada ya kuonekana katika huduma ya barua ya Gmail mwaka 2004 na katika ramani za Google mwaka 2005. Ni njia nzuri: kazi huenda upesi na kifurushi cha data cha simu hakiishi haraka.

Tatizo lake mtaliona katika jaribio lifuatalo.

Jaribio la 2

Endeleeni na kadi zenu. Katikati pana Msimbazi, na kushoto pana Uhuru juu ya Mnazi Mmoja. Sasa tunaingia sokoni. Kadi ya Msimbazi inakwenda kushoto, na katikati mnaweka kadi mpya, "Sokoni".

Mwanafunzi mmoja awe mnunuzi, na watatu wawe wauzaji katika pembe tatu za darasa. Wa kwanza auze vitunguu, wa pili mchele, wa tatu nazi. Mnunuzi aende kwa muuza vitunguu, kisha kwa muuza mchele, kisha kwa muuza nazi. Kwa kuwa wakati wote yuko sokoni, msiandike kadi mpya.

Akiwa kwa muuza nazi, mnunuzi agundue kwamba amechukua mchele kidogo mno, naye atake kurudi hatua moja. Bonyezeni mshale wa nyuma. Kadi ya Sokoni inakwenda kulia, na kadi ya Msimbazi inarudi katikati. Mnunuzi wetu yuko nje barabarani! Alitaka kurudi kwa muuza mchele, lakini kadi zimemtoa kabisa nje ya soko.

Kivinjari hakikukosea. Kilifanya kama kadi zilivyokieleza. Kosa ni la aliyeutengeneza ukurasa, kwa sababu aliibadilisha meza bila kuandika kadi.

Shangazi na doti 20

Msidhani kwamba jambo hili ni mchezo tu. Tuseme mwanafunzi wa darasa la tano anamsaidia shangazi yake, ambaye anauza khanga rejareja. Shangazi anaagiza mzigo kwa muuzaji wa jumla kwa kutumia simu. Ukurasa wa muuzaji una hatua tatu: kuchagua khanga, kuandika idadi, na kuandika jina na namba ya simu. Hatua zote tatu ziko katika anwani moja.

Shangazi amechagua khanga za aina saba, moja baada ya moja, kwa uangalifu. Katika idadi alitaka kuandika doti 20 lakini kidole kimeteleza, akaandika 200. Amefika hatua ya tatu ndipo anapoliona kosa. Anabonyeza mshale wa nyuma ili asahihishe. Ukurasa wote unatoweka, na mahali pake panatokea picha aliyokuwa akiitazama asubuhi. Anabonyeza mshale wa mbele. Ukurasa unarudi, lakini ni mtupu.

"Mwanangu, simu hii imenila kazi ya nusu saa," anasema shangazi.

"Shikamoo yako nimekwisha kuitoa, shangazi, sasa nipe na simu," anajibu mtoto. "Tuanze tena, lakini safari hii usiguse ule mshale. Tutafute ndani ya ukurasa kama pana neno la kurekebisha."

Mtoto huyo amefanya vizuri kwa siku ile. Lakini si haki kumtaka kila mnunuzi aogope mshale ambao umewekwa kwa ajili ya kumsaidia. Anayepaswa kurekebisha ni fundi wa ukurasa.

Fundi hufanyaje?

Jambo la kwanza ni kuandika kadi. Kila hatua ambayo mtu anaweza kutaka kuirudia hupewa anwani yake. Baada ya anwani ya duka, fundi huongeza maneno kama /khanga, kisha /idadi, kisha /jina. Programu ya ukurasa hukiamuru kivinjari kiweke kadi mpya yenye anwani hiyo, bila kwenda kuchukua ukurasa mwingine. Katika JavaScript amri hiyo huitwa pushState. Vivinjari vilianza kuipokea mwaka 2010; Firefox iliipata mwaka 2011, na Internet Explorer mwaka 2012. Kabla ya hapo mafundi walitumia hila ya kuongeza alama ya reli, yaani #, mwishoni mwa anwani. Kivinjari hakiendi kuomba ukurasa mpya kwa ajili ya maneno yanayoifuata alama hiyo, lakini huyaandikia kadi. Kurasa nyingi za zamani bado zinaitumia.

Jambo la pili ni kusikiliza. Kadi za namna hii zina tabia moja ya ajabu. Mtu akibonyeza mshale wa nyuma na kufikia mojawapo, kivinjari hakileti kitu chochote kutoka kwenye seva. Hubadilisha anwani iliyo juu, kisha huipigia programu ya ukurasa kengele, kana kwamba kinasema, "Mteja amerudi kwenye /idadi." Programu ikisikia, huichora upya meza ya idadi. Isiposikia, anwani hubadilika lakini ukurasa hukaa vile vile, na mtu huendelea kubonyeza akidhani simu imeharibika. Kwa maoni yangu kosa hili ni baya kuliko la kwanza, maana pale angalau mtu huona kwamba ametoka.

Jambo la tatu ni kutunza kilichoandikwa. Kumrudisha shangazi kwenye hatua ya pili hakumfai kitu akikuta khanga zake saba zimefutika. Kwa hiyo programu huziweka akiba katika simu yenyewe au katika seva, ili akirudi azikute. Hata mahali alipokuwa amefikia katika kuteremsha ukurasa hutunzwa. Mtu aliyekuwa akiitazama khanga ya 60 hafurahi kuanza tena kutoka ya kwanza.

Na seva nayo sharti izifahamu anwani hizo zote. Shangazi anaweza kuinakili anwani yenye /khanga na kumpelekea jirani yake. Simu ya jirani haina kadi zozote za safari ile. Itakwenda moja kwa moja kwa seva na kuuliza. Seva isipoijua anwani hiyo, itajibu kwa namba 404, maana yake ukurasa haukuonekana.

Jaribio la 3

Rudieni jaribio la 2, lakini sasa kila mnunuzi anapofika kwa muuzaji andikeni kadi: "Sokoni: vitunguu", "Sokoni: mchele", "Sokoni: nazi". Mnunuzi akiwa kwa muuza nazi, bonyezeni mshale wa nyuma mara moja. Yuko wapi? Bonyezeni mshale wa mbele. Je, amerudi kwa muuza nazi?

Kisha mwambieni muuza mchele ageuke atazame ukuta na asisikilize. Bonyezeni tena mshale wa nyuma. Kadi inasema mchele, lakini hakuna anayemhudumia mnunuzi. Elezeni ni jambo gani kati ya yale matatu lililokosekana.

Kadi zikizidi

Baada ya kujifunza haya, fundi mgeni huandika kadi kwa kila jambo. Mteja akigusa kitunguu, kadi. Akikigeuza, kadi nyingine. Sasa mteja akitaka kutoka sokoni ni lazima abonyeze mshale mara 30. Amefungwa ndani.

Fundi mwenye busara hujiuliza: mtu akibonyeza mshale wa nyuma, je, atatazamia kurudi hapa? Kama jibu ni ndiyo, huandika kadi mpya. Kama ni hapana, hufuta maandishi ya kadi iliyo katikati na kuandika mengine juu yake, bila kuongeza rundo. Kwa mfano, kufungua picha kubwa ya khanga kunastahili kadi, kwa sababu picha inafunika kioo chote na mtu hudhani amekwenda ukurasa mwingine. Kuchagua rangi, nyekundu badala ya buluu, mara nyingi hakustahili.

Wako pia wenye kurasa wanaoongeza kadi kwa makusudi ili mtu ashindwe kuondoka na aendelee kuyaona matangazo yao. Vivinjari vya siku hizi huziruka kadi ambazo ukurasa umeziweka bila mtu kugusa chochote. Mkikutana na ukurasa unaowazuia kutoka, fungeni kichupo chote.

Agizo lisitumwe mara mbili

Kuna hatari nyingine, nayo inahusu fedha. Tuseme umetumwa kwa muuzaji wa jumla, Mtaa wa Uhuru, ukiwa na karatasi iliyoandikwa "Leta doti 20". Umempa na mzigo umetoka. Halafu mtu anakwambia, "Rudia ulichofanya." Ukiirudia safari ile kama ilivyokuwa, utapeleka karatasi tena, na zitatoka doti 20 nyingine.

Kuna kadi zinazosema "soma ukurasa huu", na kadi zinazosema "peleka fomu hii". Kusoma mara mbili hakuna madhara. Kupeleka mara mbili ni kuagiza mara mbili. Kwa sababu hiyo, mtu akirudi kwenye ukurasa uliotokana na fomu, au akiupakia upya, kivinjari huweza kumwuliza kama anataka fomu itumwe tena. Swali hilo lisomwe, lisijibiwe kwa haraka. Msiyejua la kujibu, kataeni, kisha tafuteni kwanza kama agizo la mwanzo limepokewa.

Muuzaji mwangalifu ana dawa yake. Akikwisha kupokea fomu, hamwachi mteja mbele ya karatasi ile ile. Seva yake hukiambia kivinjari kiende kwenye anwani nyingine, ambako kuna stakabadhi. Kadi inayobaki mezani ni ya stakabadhi, si ya agizo. Mteja akiupakia ukurasa upya hata mara kumi, atasoma tu stakabadhi yake mara kumi. Tena kila agizo hupewa namba, ili agizo lenye namba ile ile likija mara ya pili likataliwe.

Kadi ya mahali pasipokuwapo

Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua moto, na wafanyabiashara wakahamishiwa sehemu nyingine wakati wa kulikarabati. Mtu aliyekuwa na kadi ya meza fulani sokoni alikuwa bado anayo kadi, na maandishi yake yalikuwa sahihi, lakini mwenye meza hakuwapo tena.

Rundo la kivinjari nalo huweza kupatwa na hali hiyo. Kadi inasema tulikuwa mahali fulani. Haiahidi kwamba mahali hapo pangalipo, wala kwamba pako kama tulivyopaacha. Pengine ukurasa umefutwa na tutaliona jibu la 404. Pengine kivinjari kimeuhifadhi ukurasa kama ulivyokuwa, na kurudi nyuma hutuonyesha bei ya nyanya ya asubuhi ilhali sasa ni jioni. Kwa hiyo anayenunua hupakia upya ukurasa wa bei kabla ya kulipa.

Mazoezi

1. Mtu ametoka ukurasa A kwenda B, kisha C, kisha D. Amerudi nyuma mara mbili, halafu akafungua ukurasa E. Chora marundo yake mawili na kadi ya katikati. Ni kadi zipi zilizotupwa?

2. Kwa nini mshale wa nyuma hufifia rangi tunapofungua kichupo kipya?

3. Anwani iliyo juu ya kivinjari imebadilika, lakini ukurasa haukubadilika. Fundi amesahau nini?

4. Eleza tofauti kati ya kadi ya kusoma na kadi ya kupeleka fomu. Ni ipi inayoweza kumtia mtu hasara?

5. Kwa kutumia kadi, igizeni safari ya shangazi jinsi ingalivyokuwa kama ukurasa ungalitengenezwa vizuri. Andikeni anwani tatu ambazo mngeliziweka.

6. Ukiwa na mtu mzima nyumbani, fungueni katika simu ukurasa wenye orodha ndefu. Teremkeni hadi katikati, fungueni kitu kimoja, kisha mrudi nyuma. Je, mmerudi katikati ya orodha au mwanzoni? Jaribuni kurasa tatu za namna mbalimbali, mkaandike mlichokiona katika madaftari yenu na kukileta darasani.